SOMO LA SHERIA: AMRI YA ULINZI KWA MWENYE KUDHURIWA NDANI YA NYUMBA

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba. Makusudio yake ni kueleza ulinzi wa kisheria anaoweza kuupata mtu anayepigwa, anayetishwa au anayedhalilishwa na mume wake, mke wake, au mtu aliyewahi kuwa naye katika ndoa. Yanawahusu pia wale wanaopokea malalamiko ya aina hiyo kila siku, nao ni masheha, askari, wauguzi, walimu, maofisa wa ustawi wa jamii na makarani wa mahkama, kwani aghalabu maisha ya mlalamikaji hutegemea neno la kwanza analoambiwa na mtumishi aliyemkuta mlangoni.

Tuanze kwa mfano. Bi Fulani amepigwa usiku, na mkono wake umevimba. Asubuhi anakwenda kwa wazee wake, nao wanamwambia astahamili kwa ajili ya watoto. Anakwenda kwa sheha, na sheha anamwita mume, anawaweka pamoja barazani na kuwataka wapeane mikono. Anakwenda kituoni, na askari anamwambia kuwa hayo ni mambo ya ndani ya nyumba, warudi wakayamalize. Jua linapotua Bi Fulani amekwisha kupita milango mitatu, na wote aliowakuta walimpokea kwa upole. Hata hivyo anarudi kulala katika nyumba ile ile, pamoja na mtu yule yule, ambaye sasa anajua kuwa amesemwa. Usiku wa pili huwa na khatari kubwa kuliko wa kwanza. Somo letu linahusu namna ya kuuzuia usiku huo wa pili.

MAANA YA AMRI YA ULINZI

Amri ya ulinzi ni amri ya mahkama inayomkataza mtu aliyetajwa asimfanyie mtu mwingine aliyetajwa vitendo vya kumdhuru, kumtisha, kumfuatafuata au kumsogelea. Amri hii hutazama yajayo. Kesi ya jinai huuliza, “Fulani alifanya nini, naye anastahiki adhabu gani?” Amri ya ulinzi huuliza, “Lifanyike nini ili Bi Fulani alale kwa amani usiku wa leo na siku zinazofuata?” Kwa sababu hiyo mahkama inaweza kuitoa kabla ya mtu kutiwa hatiani, na kuitoa hakumfanyi mlalamikiwa kuwa mfungwa. Anabaki huru katika mambo yake yote, isipokuwa lile alilokatazwa. Akilitenda, hapo ndipo anapovunja sheria.

Jirani zetu wa Afrika Mashariki wamekwisha kuitungia amri hii sheria yake mahsusi. Uganda ilipitisha Sheria ya Ukatili wa Majumbani mwaka 2010, na Kenya ikapitisha Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Majumbani, Namba 2 ya mwaka 2015. Wazanzibari wengi wana jamaa Mombasa, Lamu na Malindi, na wapo mabinti zetu walioolewa huko. Inafaa kwa hiyo tuieleze sheria ya Kenya kwa urefu kidogo, kwa faida ya hao jamaa, na pia kwa sababu inaonyesha kwa uwazi namna amri hii inavyofanya kazi.

MFANO WA KENYA

Sheria ya Kenya haikuishia katika kipigo. Imetaja pia udhalilishaji wa kijinsia, hata ndani ya ndoa, vitisho, matusi, kumfuatafuata mtu, kumharibia mali yake, kumzuia asiingie katika makazi yake, na kumnyima mahitaji yake ya kiuchumi. Ndoa za watoto na ndoa za kulazimishwa zimeingizwa humo humo. Imewahusu waliomo katika ndoa, waliokwisha kuachana, wachumba, waliozaa pamoja, na jamaa wanaoishi nyumba moja. Mwanamume anayedhuriwa ana haki sawa ya kuomba, na vivyo hivyo mzee anayeteswa na mwanawe.

Utaratibu wake, kwa ufupi, ni huu:

Kwanza, mwenye kudhuriwa hupeleka maombi mahkamani. Anaweza kuyapeleka mwenyewe, na kwa mtoto hupelekwa na mtu mwingine kwa niaba yake. Katika maombi hueleza uhusiano uliopo baina yake na mlalamikiwa, vitendo alivyofanyiwa, na ulinzi anaoutaka.

Pili, ikiwa khatari iko karibu, mahkama inaweza kutoa amri ya muda bila ya kumsubiri mlalamikiwa asikilizwe. Sababu yake ni wazi. Kumpelekea mtu mkali taarifa kuwa ameshtakiwa, kisha kumwacha na mlalamikaji chini ya paa moja mpaka siku ya kusikilizwa, ni kumzidishia mlalamikaji madhara.

Tatu, mlalamikiwa hupelekewa amri hiyo na kupewa nafasi ya kuja kujieleza. Haki yake ya kusikilizwa inabaki pale pale, ila inakuja baada ya usalama wa mwenzake kupatikana.

Nne, mahkama ikisharidhika hutoa amri kamili. Inaweza kumkataza mlalamikiwa asimpige wala kumtisha mlalamikaji, asiingie anapoishi au anapofanya kazi, na asiwatume watu wengine kumfanyia hayo. Inaweza kumpa mlalamikaji haki ya kukaa katika nyumba waliyokuwa wakiishi pamoja, hata kama nyumba si yake. Inaweza pia kuwajumuisha watoto katika ulinzi huo, na kuamuru fidia kwa madhara yaliyokwisha kutokea.

Tano, mwenye kuvunja amri hutenda kosa la jinai, na adhabu yake ni faini au kifungo.

Sheria hiyo imewapa askari polisi wa Kenya wajibu maalumu. Askari aliyepokea malalamiko anatakiwa amweleze mlalamikaji haki zake, amsaidie kufika hospitali na kupata mahali pa kujihifadhi, na mlalamikaji akitaka maelezo yake yachukuliwe na askari wa jinsia yake, atimiziwe hilo. Jibu la kuwa “hayo ni mambo ya nyumbani” halina nafasi katika sheria hiyo.

MILANGO ILIYOPO ZANZIBAR

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, imetamka kuwa hapana mtu mwenye haki ya kumpa mwenzake wa ndoa adhabu ya kipigo. Sheria hiyo haitumiki Zanzibar, na wengine wamelichukulia jambo hili kuwa ni ruhusa. Hilo ni kosa kubwa. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inakataza mtu kuteswa na kudhalilishwa, na Sheria ya Adhabu Namba 6 ya mwaka 2018 inaadhibu shambulio, kujeruhi na kutishia. Aliyemvunja mkono mkewe amevunja mkono wa mtu, na cheti cha ndoa hakimkingi. Aidha, Tanzania imeridhia Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi Dhidi ya Wanawake mwaka 1985, na Itifaki ya Maputo mwaka 2007.

Kwetu ulinzi umegawanyika katika milango kadhaa, na mwananchi anahitaji kuijua yote.

Mlango wa kwanza ni Polisi na hospitali. Mwenye kudhuriwa aende katika dawati la jinsia na watoto la kituo cha polisi, au moja kwa moja katika kituo cha Mkono kwa Mkono. Kituo cha kwanza cha aina hiyo kilianzishwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011, na baadaye huduma hiyo ikaenezwa katika hospitali nyingine za Unguja na Pemba. Hapo daktari, askari na mshauri nasaha hukutana na mlalamikaji mahali pamoja, ili asilazimike kulieleza jambo la aibu katika ofisi nne tofauti. Majeraha huandikwa katika fomu ya polisi namba 3, maarufu kwa jina la PF3, nayo ni ushahidi mkubwa mahkamani. Aliyeumia vibaya atibiwe kwanza, karatasi zifuate.

Mlango wa pili ni mahkama za jinai. Kesi ya jinai huendeshwa na Mkurugenzi wa Mashtaka kwa niaba ya Serikali. Mlalamikaji anapaswa kujua kuwa mshtakiwa aghalabu hupewa dhamana, na kwamba mahkama inapotoa dhamana inaweza kuweka masharti. Hapa upo ulinzi ambao wengi hawauombi kwa kutoujua. Mlalamikaji amweleze mwendesha mashtaka mapema kwamba anamwogopa mshtakiwa, na kwa sababu zipi, ili sharti la kutomsogelea wala kumtisha shahidi liombwe kabla ya dhamana kutolewa. Kadhalika, zipo kanuni za mwenendo wa jinai zinazoiwezesha mahkama kumtaka mtu anayetishia kuvunja amani atie saini ahadi ya kulinda amani kwa muda maalumu, pamoja na wadhamini. Mwaka 2021 zilianzishwa Zanzibar mahkama maalumu za kusikiliza kesi za udhalilishaji, ili kesi hizo zisikae kwa muda mrefu.

Mlango wa tatu ni Mahkama ya Kadhi, kwa Waislamu, chini ya Sheria ya Mahkama ya Kadhi Namba 9 ya mwaka 2017. Kadhi hahukumu kosa la jinai la shambulio, lakini husikiliza mambo ya ndoa, talaka, matunzo na malezi ya watoto. Lipo jambo moja linalowaghilibu wanawake wengi. Mke anayetaka kutoka katika ndoa yenye madhara huambiwa na jamaa aombe khului, naye hukubali kurejesha mahari au kulipa kitu ili aachwe. Khului ni njia halali, lakini mke aliyedhuriwa aeleze madhara hayo kwa kadhi tangu siku ya kwanza, na aonyeshe PF3 na mashahidi wake, kwani madhara yakithibiti kadhi anaweza kuivunja ndoa kwa njia ya faskhi. Mke akiyaficha madhara kwa haya, kadhi hana namna ya kuyajua, na huenda akauondosha kwa fedha mzigo ambao hakupaswa kuulipia.

Mlango wa nne ni Ustawi wa Jamii. Pale walipo watoto wanaopigwa, au wanaoshuhudia mama yao akipigwa, Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011 imeweka taratibu za kumlinda mtoto. Ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya ndiye wa kuendewa. Kwa taarifa za watoto ipo pia namba ya simu 116, na kwa dharura ya polisi namba 112.

Mlango wa tano ni msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya mwaka 2018 imetambua watoaji wa msaada wa kisheria, wakiwemo wasaidizi wa sheria wanaofanya kazi katika jamii. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikate tamaa kabla ya kuwauliza.

NAMNA YA KUTAYARISHA MALALAMIKO

Iwe ni polisi, kwa kadhi au katika mahkama ya hakimu, malalamiko hupata nguvu kwa mambo yafuatayo.

1. Tarehe na mahali. “Hunipiga kila siku” ni maneno mazito, lakini mahkama huyafanyia kazi zaidi maelezo kama haya: “Usiku wa Ijumaa, baada ya sala ya Isha, jikoni, alinipiga kwa mpini wa jembe.” Mwenye kudhuriwa aandike kila tukio, na daftari alihifadhi kwa mtu anayemwamini, nje ya nyumba.

2. Ushahidi wa mwili. Picha za majeraha, PF3 na kadi ya hospitali. Aliyebakwa asioge wala kufua nguo alizovaa, azitie katika mfuko wa karatasi na si wa plastiki, na afike hospitali mapema iwezekanavyo, kabla ya kupita saa 72, kwani dawa za kujikinga na virusi vya UKIMWI hazifai kitu baada ya muda huo.

3. Maneno. Vitisho vilivyotumwa kwa simu visifutwe.

4. Mashahidi. Jirani aliyesikia kelele, dada aliyemwona amevimba, sheha aliyepokea malalamiko ya kwanza. Sheha aandike kila lalamiko katika daftari lake, hata pale mlalamikaji anapoomba jambo limalizwe kwa wazee.

5. Ulinzi unaotakiwa. Mlalamikaji aseme kwa uwazi anataka nini: mume asifike nyumbani kwa wazee wake, asimfuate kazini, watoto wabaki naye, apewe nguo na vyeti vyake. Hakimu hawezi kutoa asiloombwa.

6. Matayarisho ya kuondoka. Imethibiti kwa uzoefu wa nchi nyingi kwamba wakati wa khatari kubwa ni pale mwenye kudhuriwa anapoondoka, au anapotangaza kuwa ataondoka. Kwa hiyo asitangaze. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, kitambulisho, dawa na nauli viwekwe tayari mahali pengine, na mtu mmoja wa kuaminika ajulishwe.

SUALA LA SULUHU NA MUHALI

Hapana shaka kuwa Uislamu umehimiza suluhu, na Kurani imeelekeza wateuliwe waamuzi wawili, mmoja kutoka kwa jamaa wa mume na mmoja kutoka kwa jamaa wa mke. Lakini muradi wa waamuzi hao ni kutengeneza, na hapatengenezeki jambo ikiwa mmoja anasema na mwingine anaogopa kusema. Mke aliyewekwa barazani mbele ya mtu aliyempiga jana usiku atakubali lolote ili baraza livunjike. Makubaliano ya namna hiyo hayaitwi suluhu.

Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud, kwa mapokezi ya Bibi Aisha, kisa cha Habiba binti Sahl, mke wa Thabit bin Qays. Mumewe alimpiga hata akamvunja kiungo, naye akaenda kwa Mtume alfajiri kushitaki. Mtume hakumrejesha nyumbani wala hakumlaumu kwa kutoa siri ya ndoa. Alimwita mume, na jambo likaamuliwa kwa wao kuachana. Wanaosema kuwa mwanamke anayekwenda kwa hakimu ameivunja sitara ya nyumba yake wakizingatie kisa hiki. Sitara huvunjwa na aliyeinua mkono.

Liko pia tatizo letu sisi wenyewe la muhali. Kesi nyingi huanza vizuri na kufia njiani, kwa sababu mashahidi ni jamaa wa pande zote mbili, na kila mmoja anamwonea mwenzake muhali. Mshtakiwa ni mtoto wa shangazi, shahidi ni jirani wa miaka thelathini, na mlalamikaji anaambiwa, “Utamfunga baba wa watoto wako?” Ieleweke kwamba kesi ya jinai ni ya Serikali, na mlalamikaji hawezi kuifuta kwa kupeana mikono nje ya mahkama. Hata hivyo, mashahidi wasipofika kizimbani, hakimu hana la kufanya ila kumwachia mshtakiwa. Mwenye kuona muhali kutoa ushahidi leo ajiulize atamtazamaje mzazi wa Bi Fulani siku ya maziko yake.

WAJIBU WA WATUMISHI

Kwa kuhitimisha, watumishi wanaopokea malalamiko ya aina hii wanaombwa wazingatie haya:

(a) Wamsikilize mlalamikaji peke yake, mbali na mlalamikiwa na mbali na masikio ya watu.

(b) Waulize masuali matatu kabla ya jingine lolote: Je, umeumia? Je, unaogopa kurudi nyumbani? Je, watoto wako wapi?

(c) Wasifanye suluhu ya jambo lenye jeraha, tishio la kuua, silaha au udhalilishaji wa kijinsia. Mambo hayo ni ya polisi na mahkama.

(d) Waandike tarehe, maneno na majeraha, na mlalamikaji aambiwe jina la ofisi inayofuata na mtu wa kumwona huko. Ikiwezekana asindikizwe.

(e) Watunze siri. Mtumishi anayempigia simu mume kumwambia kuwa mkewe amefika ofisini amemtia mlalamikaji katika khatari na amevunja uaminifu wa kazi yake.

(f) Mwanamume anayelalamika kupigwa na mkewe asichekwe. Naye ni raia mwenye haki ya kulindwa.

Tumrejee Bi Fulani. Lau mzee wake angemwambia, “Lala hapa leo, mwanangu,” lau sheha angeandika malalamiko yake na kumsindikiza kituo cha Mkono kwa Mkono, na lau askari angeyachukua maelezo yake na kuomba masharti ya dhamana, basi usiku wa pili usingemkuta katika nyumba ile. Sheria haina mikono wala miguu ya kumwendea Bi Fulani alipo. Hutembea kwa miguu ya sheha, ya askari, ya muuguzi na ya jirani. Kila mmoja wetu alipo, na aifikishe.